Sikio la Doria

Katika sauti zote za utoto wangu wa Mji wa Kale wa Mombasa zilizosalia kichwani mwangu hata leo, nami sasa ni mzee mwenye wajukuu, hakuna inirudiayo kwa uzito kama sauti ya masikio ya mbwa yakipigapiga mashavu yake usiku wa manane. Adhana ya alfajiri ya Msikiti wa Mandhry naikumbuka, na nyimbo za makuli wakishusha magunia ya tende katika Bandari ya Kale nazikumbuka, na zote hunifurahisha. Lakini ile sauti ya mbwa akitikisa kichwa, kama mtu akung'utaye nguo mbichi kabla ya kuianika, akanyamaza kitambo, kisha akaanza upya, hiyo hunijia pamoja na majuto. Niliisikia usiku baada ya usiku katika masika ya mwaka 1960, nikiwa kijana wa miaka 12, na kwa kuwa sikutambua kwamba naitwa, niligeuka upande wa pili nikalala.

Mwaka huo naukumbuka vizuri kwa kuwa ndio mwaka ambao Ngome ya Yesu, iliyokuwa jela tangu 1895 hata 1958, ilifunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho, na sisi watoto wa Kibokoni na Kuze tukapata kuingia kwa miguu yetu mahali ambapo wazee wetu walikuwa wakipapita kwa haraka bila ya kutazama. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ghala karibu na ngazi za kushukia bandarini, na kila msimu wa kaskazi, majahazi yalipowasili kutoka Arabuni na nchi za Ghuba, ghala lile lilijaa tende, chumvi, samaki mkavu na mazulia. Na kusi ilipoanza kuvuma, likajaa boriti za mikoko zikingojea safari ya kurudi. Ghala la namna hiyo lina maadui wawili, panya na wezi. Kwa panya tulikuwa na paka, viumbe ambao mji wetu haujapata kuwakosa tangu ulipojengwa. Na kwa wezi Babu alimweka mbwa, akamwita Doria.

Mbwa katika Mji wa Kale ni jambo lihitajilo maelezo. Sisi aghalabu ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi, na katika madhehebu yetu mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito, ambayo haitoki ila kwa kuoshwa mara saba, na moja katika hizo iwe kwa udongo. Walakini wanazuoni hao hao waliotufundisha kuosha ndio waliotufundisha kwamba mbwa wa kuwindia, wa kulindia mifugo na wa shamba ana ruhusa ya kufugwa, na wengi wao wakapima juu ya hayo kazi ya kulinda nyumba na mali. Kwa hivyo Doria hakupata kuvuka kizingiti cha nyumba yetu ya Kibokoni, wala hakuna aliyemtarajia avuke. Makazi yake yalikuwa ua wa ghala, maji yake yalikuwa katika mtungi wake mwenyewe, na chakula chake kilikuwa sima na vichwa vya samaki. Alikuwa na haki zake, nasi tulikuwa na mipaka yetu, na kwa miaka miwili mambo yalikwenda kwa salama.

Alikuja kwetu akiwa na umri wa miezi mitatu, zawadi ya karani mmoja Mgoa aliyekuwa akikaa Ganjoni. Mamake alikuwa mbwa wa Kizungu, wa ile aina ya kuwindia ndege, na babake alikuwa mbwa koko wa hapa petu, asiyejulikana. Kwa babake alirithi wepesi wa miguu na ukali wa kubweka. Kwa mamake alirithi masikio. Mbwa wetu wa pwani masikio yao husimama wima, upepo wa bahari ukayaingia na kuyatoka kama uingiavyo katika dirisha lililo wazi. Masikio ya Doria yalikuwa marefu, mazito, yenye manyoya ndani na nje, yamelala juu ya mashavu kama pazia lisilofunguliwa, na chini ya pazia hilo palikuwa na joto na giza mchana kutwa. Kuyatazama kulipendeza sana, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kuinua pazia na kuchungulia ndani.

Isitoshe, Doria alipenda maji kupita mbwa yeyote niliyepata kumwona. Maji yalipojaa wakati wa alasiri, nasi watoto tukirukia baharini kutoka ngazi za bandarini, yeye alitufuata, akaogelea kati yetu huku pua yake tu ikionekana, na wazee waliokaa barazani wakicheka na kusema ule usemi wa pwani kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Ni kweli, Doria hakufa maji. Lakini yako maji ambayo hayamzamishi mbwa, bali humfuata mpaka nchi kavu, yakakaa naye mahali ambapo jua halifiki; na katika masika ile, ambapo mvua haikukatika na hata kuta za matumbawe zilikuwa zikitoka jasho, maji hayo hayakupata nafasi ya kukauka.

Ishara zilianza polepole. Kwanza alijikuna kwa mguu wa nyuma, na kila akijikuna alitoa mguno mdogo ambao sisi tuliudhania kuwa ni wa raha. Kisha akawa akiusugua upande wa kushoto wa kichwa chake katika magunia ya chumvi. Kisha kichwa chenyewe kikaanza kulalia upande huo huo, kama mtu asikilizaye jambo lililo chini ya ardhi. Na harufu ikaja: harufu ya uchachu, kama unga wa mahamri uliosahauliwa usiku kucha katika bakuli iliyofunikwa. Yote hayo niliyaona, na ile harufu niliinusa, na kila usiku nilikuwa nikiisikia ile sauti ya kung'uta, kwani siku za mvua Babu alinilaza pamoja naye katika chumba cha juu ya ghala. Zilipita siku tisa kabla sijafanya lolote, na laiti nisingalifanya nililolifanya.

Nilikuwa nimewaona vinyozi wa mtaani wakisafisha masikio ya wateja wao kwa kijiti chenye pamba, wateja wakifumba macho kwa starehe. Nikachukua chelewa ya ufagio, nikaizungushia pamba nchani, nikamkumbatia Doria shingoni, nikaingiza. Pamba ilitoka na uchafu wa rangi ya hudhurungi, nami nikafurahi kama mchimba kisima aliyeona tope la kwanza; nikaingiza tena, mbali zaidi, kwa dhana kwamba nautoa uchafu, ilhali kwa kila mara moja niliyoutoa nilikuwa nikiushindilia mara mbili. Siku ya pili baharia mmoja aliniambia kwamba dawa ya sikio la mnyama ni mafuta ya taa. Yakamiminwa kutoka kwenye koroboi, kwa mkono wangu huu. Doria alipiga ukelele ambao sijapata kuusikia tena kwa mbwa, akazunguka ua mzima akijigonga katika boriti, kisha akaingia nyuma ya magunia na kukataa kutoka. Aliponitazama kutoka huko gizani hakuninguruma. Alinitazama tu, nami nikaona haya mbele ya mnyama.

Baada ya siku tatu sikio la kushoto lilikuwa limefura kama andazi, lenye moto, limejaa kitu kinachochezacheza ndani. Ndipo Bibi aliponiona nikiingia nyumbani kwa mlango wa uani, akanusa nguo zangu, akauliza:

"Umemshika mbwa?"

"Nimemshika, Bibi."

"Una nini naye?"

"Yuwaumwa na sikio. Nilitaka kumtibu, nikamuumiza."

Nilingojea karipio, na bakora pia, kwani Bibi alikuwa mtu wa twahara ambaye hata upindo wa buibui yake hakuukubali uguse maji ya mtaro. Badala yake alinishika kiganja, akanipeleka kisimani, akaleta kopo lenye mchanga safi alioutoa chini ya mkomamanga, akanifunda: mara ya kwanza kwa mchanga na maji, usugue mpaka kifundo cha mkono, kisha mara sita kwa maji matupu, bila ya haraka. Akanitengea shuka kuukuu ya kazi hiyo peke yake, akaitundika katika msumari nje ya mlango. Nilipomaliza kuosha alisema maneno ambayo nimeishi nayo kwa zaidi ya miaka 60: "Najisi yaoshwa ikatoka, mwanangu. Mateso ya kiumbe aliyekuwa mkononi mwako utayaosha na nini? Kesho umuendee tena, na leo nitasema na babu yako alete mtu ajuaye."

Mtu ajuaye alikuwa mzee mmoja wa Majengo, aliyepata kuwa dresa wa wanyama katika kazi za serikali, mfupi, mwenye kofia ya kazi ya mkono na sauti ya chini. Nilimwamkia, "Sabalkheri, mzee," akaitikia, akakaa kitako juu ya jamvi mbali kidogo na mbwa, na kwa muda mrefu hakumgusa. Aliniuliza analala upande gani, anakula vipi, anaogelea mara ngapi, kichwa chake kilianza kulalia upande lini. Kisha akamwendea kwa upande ulio mzima, akamnusa sikio la kulia, halafu la kushoto, kama mnunuzi wa karafuu anusavyo gunia. "Hili mmelitia nini?" aliuliza. Nikamweleza yote, chelewa na koroboi, bila ya kuficha.

Hakunigombeza. Aliokota kaa la moto lililozimika, akaniuliza kama nasoma Kurani chuoni, nikamwambia nasoma. Akachora katika ukuta mweupe wa ghala herufi ya lam. "Sikio lako wewe," alisema, "ni kama alifu iliyolala, fupi na imenyooka. Sikio la mbwa ni lam: lashuka chini, kisha lapinda kuingia kichwani, na ngoma ya sikio iko mwisho wa kile kipindo. Ukitia kijiti, kijiti chafuata alifu, na uchafu wabaki katika lam." Nimesoma vitabu kadhaa vya tiba ya wanyama tangu siku hiyo, nimeona picha zilizochapwa kwa rangi, zikieleza kwamba njia hiyo huweza kufika urefu wa sentimita 5 hata 10 kwa kadiri ya ukubwa wa mbwa, lakini hakuna picha iliyonieleza jambo hilo vizuri kuliko ile herufi ya makaa, ambayo ilidumu katika ukuta wa ghala mpaka Babu alipopaka chokaa upya.

Kule kufura kwa sikio alinieleza kwamba hakukutokana na usaha. Mbwa akitikisa kichwa siku nyingi, mishipa midogo iliyo kati ya ngozi na gegedu la sikio hupasuka, damu ikavia humo ndani kama maji yanayojaa katika kiriba. Hilo alisema si kazi yake, akatupeleka kwa daktari wa mifugo, ambaye alilipasua sikio, akaitoa damu iliyovia, kisha akalishona kwa nyuzi nyingi zilizopenya upande hadi upande ili ngozi na gegedu zishikane zisiache nafasi ya damu kurudi. Akatupa na dawa ya matone. Kazi iliyobaki, ya kusafisha kila jioni, dresa aliikabidhi kwangu, na hiyo ndiyo nitakayoieleza kwa utaratibu, kwani ndani yake ndimo ilimo faida ya msomaji.

Tulichemsha maji pamoja na chumvi kidogo, tukayaacha yapoe mpaka yawe na uvuguvugu wa maziwa yaliyokamuliwa punde, maana maji baridi humshtua mbwa na ya moto humchoma. Alichagua maji ya chumvi peke yake kwa sababu hakuwa na yakini kama ngoma ya sikio ilikuwa nzima, na dawa nyingi zifaazo sikio zima hugeuka sumu zikipita katika ngoma iliyotoboka. Doria alikaa, nami nikapiga magoti ubavuni mwake, si mbele yake. Nililiinua sikio taratibu kwa mkono wa kushoto, nikalivuta juu kidogo ili ile lam inyooke, nikamimina kwa bomba lisilo na sindano mpaka maji yakaonekana mlangoni. Hapo nikalishika kwa vidole shina la sikio, pale chini karibu na taya ambapo gegedu hugusika kama bomba laini, nikalisinga kwa kiasi cha nusu dakika, na sauti ya maji iliposikika ikisukwasukwa humo ndani, dresa akasema, "Sasa umefika kwenye kipindo." Kisha nikamwachia, nikarudi nyuma, naye akatikisa kichwa kwa nguvu zake zote. Ile sauti niliyoigeuzia mgongo nikalala ikawa sasa ndiyo kazi yenyewe, kwani mtikiso ule ndio unaoutoa uchafu kutoka mahali ambapo mkono wa mwanadamu haufiki. Mwisho nikakizungushia pamba kidole changu, nikafuta pale tu kidole kilipofika, bila ya kusukuma, na kwa sikio la pili nikachukua pamba nyingine, ili ugonjwa wa huku usipelekwe kule.

Jioni ya kwanza Doria alitetemeka. Ya tatu aliniacha nifanye kazi. Ya sita alikuja mwenyewe aliponiona nimeivaa ile shuka ya msumarini, akalaza kichwa chake gotini pangu, akafumba macho. Kila jioni baada ya hapo niliosha mikono mara saba, moja kwa mchanga wa Bibi, nikaoga, nikawahi sala ya magharibi. Na sikuona hata siku moja kwamba kazi ya ghalani na sala ya msikitini zinapigana. Sote tuliokulia vyuoni tumefundishwa habari ya yule aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo wa mvua kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Na sote twajua kwamba watu wa Pangoni walikuwa na mbwa wao kizingitini, na kwamba ametajwa pamoja nao. Sheria ya kuosha imewekwa kwa ajili ya mikono yetu. Haikupata kuwekwa iwe hoja ya kumwacha kiumbe aoze sikio mbele ya macho yetu.

Sikio la Doria lilipona, lakini halikurudi lilivyokuwa. Umbo lake lilikunjamana kama jani kavu la mkungu, na usikivu wake haukurudi kabisa. Tuliligundua hilo kwa funguo za Babu. Zamani Babu alipotokea mwisho wa kichochoro, na funguo zake zikilia kiunoni, Doria alielekea upande ule ule na kukimbia moja kwa moja. Baada ya maradhi yake, funguo zilipolia, aliinuka, akazisikia kwa sikio moja lililobaki, lakini hakujua zinalia wapi. Akazunguka mahali pamoja, akitazama baharini, akitazama msikitini, mpaka macho yake yalipomwona bwana wake. Kiumbe huhitaji masikio mawili ili ajue sauti yatoka upande gani. Babu aliliona jambo hilo, na tangu siku hiyo mpaka Doria alipokufa alikuwa kila afikapo kichochoroni husimama, akangoja aonekane kwanza, kisha ndipo akatembea.

Watu wa mtaa walitufariji kwa methali ambayo kila Mswahili aijua, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nami kwa miaka mingi nimeitafakari methali hiyo, nikaona kwamba ni ya kweli katika mambo yake, lakini kwamba mara nyingi sisi walezi huikimbilia ili kujisitiri. Sikio la Doria halikukataa dawa. Liliita kwa kujikuna, likaita kwa kulala kwa kichwa, likaita kwa harufu, likaita siku tisa kwa sauti iliyopenya sakafu ya boriti, na mwenye masikio mawili mazima, aliyelala juu yake, hakusikia. Kisha dawa ilipokuja, ilikuja ya pupa na ya kubahatisha. Anayestahili kusemwa kuwa hakusikia dawa ni mimi.

Baadaye nilipokuwa mwalimu, na kukaa upande wa Tudor katika nyumba yenye kiwanja, nilifuga mbwa wangu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na kwa kusoma na kuwauliza madaktari nikajifunza sababu za yale niliyoyaona. Katika sikio zima la mbwa wamo kuvu wa jamii ya hamira na bakteria, wachache, wasiodhuru. Wakipata joto, unyevu na giza, ambavyo kisiwa chetu huvitoa bure mwaka mzima, huongezeka, ngozi ikawasha, nta ikazidi, na ile harufu ya unga uliochachuka ikatoka. Maradhi hayo yakiachwa kwa miezi, ngozi ya ndani hunenepa na kukakamaa mpaka njia ikaziba, na hapo hubaki kisu tu. Uchafu mweusi, mkavu, kama machicha ya kahawa yaliyobaki chini ya kikombe, aghalabu ni kazi ya utitiri wa masikio, ambao huambukizana kati ya watoto wa mbwa na hata paka, na kwa hivyo hutibiwa wote waliomo nyumbani. Kupe nao hupenda mikunjo ya sikio kuliko mahali popote. Wavutwe kwa kibano, karibu na ngozi, kwa kunyoosha, bila ya kuwachoma wala kuwamiminia mafuta, na nyufa za kuta zitazamwe pia, kwani kupe wa mbwa hutaga humo, na wengine huchukua homa iwezayo kumuua mbwa. Na mbwa ambaye masikio yake hupona na kuugua tena, kupona na kuugua tena, huenda ana mzio wa chakula au wa vitu vya mazingira yake. Kumsafisha masikio bila ya kutafuta asili yake ni sawa na kufua maji katika mashua ivujayo.

Nimejifunza pia kwamba kuzidisha hudhuru kama kupunguza. Sikio zima, lenye rangi ya waridi hafifu, lisilo na harufu wala nta nyingi, halihitaji kuoshwa. Lahitaji kutazamwa tu, mara moja kila wiki, na mbwa aliyeogelea au kuogeshwa akaushwe masikio kwa kitambaa siku ile ile. Dawa ya kusafishia iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Spiriti, siki, ndimu na mafuta ya taa huchoma ngozi iliyochubuka, na mafuta ya nazi, pamoja na baraka zake zote jikoni, huyafungia maji ndani badala ya kuyatoa. Na kabla mtu hajapeleka uso wake karibu na kinywa cha mbwa yeyote, ahakikishe mbwa huyo amechanjwa kichaa, maana nchi yetu imejiwekea azma, katika mpango ulioanza 2014, kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kichaa kitokacho kwa mbwa, na azma hiyo haitatimia kwa kazi ya serikali peke yake.

Leo naishi tena Mji wa Kale, karibu na pale ghala lilipokuwa, na mwanangu ndiye aliyebaki Tudor na mbwa wake. Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, mjukuu wangu wa miaka 11 hukaa barazani kwao, huvaa glavu, huinua sikio moja, akatazama, akanusa, akainua la pili. Wiki nyingi hamna kitu, naye humwachia mbwa wake aende zake. Hilo ndilo fundisho ambalo mimi nililipata kwa kuchelewa na yeye amelipata mapema: kazi kubwa ya mlezi ni kutazama siku ambazo hakuna maradhi, ili siku yatakapoingia ayajue yangali mlangoni. Sheria ya nchi, Sura ya 360, humkataza mtu kumtesa mnyama, lakini mateso mengi niliyoyaona maishani hayakuletwa na ukatili; yaliletwa na watu wema waliokuwa na shughuli nyingine.

Basi ndugu msomaji, ikiwa una mbwa, awe wa ua, wa shamba au wa ghala, nakusihi leo kabla ya magharibi uinue masikio yake yote mawili, utazame, unuse. Ukikuta ni safi, mshukuru Mungu, uyaache. Ukikuta harufu, wekundu, usaha au maumivu, usitafute kijiti wala usiulize bandarini. Mpeleke kwa daktari wa mifugo angali anasikia funguo zako zinalia upande gani.